Mzunguko Uliofutwa Kisaju

Imesemwa Kitengela kwa miaka mingi, kwenye harusi, kwenye mazishi na hata mbele ya bucha, kwamba nilimuuza shemeji yangu kwa watu wa Nairobi. Nimeyasikia maneno hayo nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa msemaji, naye akaendelea kutafuna bila hata kushusha sauti. Nilistaafu utumishi wa serikali nikiwa na faili safi, wala sikusudii kuacha nyuma yangu faili chafu ya mtaani. Kwa hiyo naeleza hapa yaliyotokea siku ya mashindano yale ya magari, kwa mpangilio wake, kama nilivyoyaona kwa macho yangu na kuyaandika kwa mkono wangu siku hiyohiyo.

Shemeji ninayemtaja ni ndugu mdogo wa mke wangu. Wazazi wao walihama kutoka Ukambani wakati ploti za Kitengela zilipokuwa bado zinauzwa kwa kuelekezewa kidole, na yeye akafungua gereji kando ya barabara ya Namanga. Alikuwa fundi wa kweli. Gari lake la mashindano alilitengeneza kutokana na gari mbili za saluni za Kijapani zilizopata ajali, moja mbele na nyingine nyuma, akaziunganisha na kuzipaka rangi ya buluu hata mshono usionekane. Kwa miaka minne alishindana na madereva waliokuja na malori ya vipuri na mafundi waliovaa ovaroli za rangi moja, na mara zote nne alimaliza nyuma yao. Alitaka jambo moja tu maishani, nalo hakulificha: kushinda mara moja, nyumbani, mbele ya watu waliomwona akilala chini ya magari yao.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya saa sita mfululizo. Magari yalikuwa ya kawaida, yale ya kupeleka familia kanisani, ila yameimarishwa. Kila gari lilikuwa na madereva wawili wa kupokezana, nayo yalizunguka barabara za maramu, zisizo na lami, zilizoanzia nyuma ya Kitengela, zikashuka hadi karibu na Kisaju, kisha zikarudi kupitia uwandani. Aliyekamilisha mizunguko mingi zaidi kabla ya muda kwisha ndiye mshindi, na wakilingana kwa mizunguko, aliyetangulia. Miaka hiyo ya tisini uwanda ule haukuwa na waya wala ukuta. Leo ukiniomba nikuonyeshe mahali nilipokuwa nimesimama, nitakuonyesha geti la mtu na mbwa wake.

Mimi niliingia katika jambo hili kwa njia ya ofisi. Nilikuwa karani mkuu katika ofisi moja ya serikali mjini Kajiado, na kamati ya mashindano ilipoomba kutumia barabara zile, wafugaji wa Kisaju walikataa. Barabara ilikata njia ya ng'ombe kwenda kwenye birika la maji. Nilitumwa niende nikasikilize pande zote mbili na kuandika watakayokubaliana. Tulikaa asubuhi nzima. Mzungumzaji mkuu wa wafugaji alikuwa mzee mmoja mrefu, mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo, aliyenikatiza kila nilipoanza sentensi kwa "kwa kuzingatia".

"Wewe andika fupi," aliniambia. "Ng'ombe hawasomi."

Niliandika fupi. Vifungu viwili. Kifungu cha kwanza: ng'ombe wakifika kwenye kivuko, bendera nyekundu itapandishwa na magari yatasimama mpaka mnyama wa mwisho avuke, atakayekutwa na bendera atakuwa amekutwa, wala hatarudishiwa muda wake. Kifungu cha pili: gari lililosimama halitapiga honi wala kusogea. Mwenyekiti wa kamati, bwana wa Nairobi mwenye kofia ya michezo, alitia sahihi. Mzee alitia alama ya kidole gumba. Nilitoa nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, na ya kwangu bado ninayo.

Kwa kuwa wafugaji hawakumwamini mtu mwingine, walitaka bendera ile niishike mimi mwenyewe. Nilimweleza mwenyekiti wazi kwamba mmoja wa madereva ni shemeji yangu. Akacheka akaniambia, "Mzee, huko kwenye kivuko utahesabu ng'ombe, si magari." Jibu hilo pia nililiandika.

Asubuhi ya mashindano madereva walikusanywa, nami nikawasomea vifungu vyote viwili. Shemeji alikuwa mstari wa mbele, mikono ina grisi hadi viwikoni.

"Umesikia, shemeji?" nilimuuliza pembeni.

"Nimesikia. Niwapishe ng'ombe. Si ni kazi ya kila siku?"

"Usimame."

"Shemeji, mimi niliwapisha hawa ng'ombe kabla hao wenye kofia wajue Kisaju iko wapi. Shika bendera yako vizuri, upepo usikubebe."

Basi nikaenda kwenye kituo changu nikiwa na bendera, saa ya mkononi, daftari na thermos ya chai ambayo mke wangu alinifungashia akiniagiza nimshangilie ndugu yake. Nilimwambia kwamba msimamizi hashangilii. Akasema nishangilie kimoyomoyo. Hilo sikuona kanuni ya kulizuia.

Kwa saa nne za kwanza hakuna ng'ombe aliyefika. Magari yalipita, vumbi likafuata, nami nikaweka alama. Gari jeupe la Nairobi liliongoza tangu mwanzo. La buluu lilikuwa la pili, na kila mzunguko mwanya kati yao ulipungua kwa sekunde chache. Nilianza kuona kwamba jambo lile linawezekana. Sitakana kwamba moyo wangu ulikuwa upande fulani. Mkono wangu haukuwa.

Katika saa ya tano kundi la mzee lilijitokeza kutoka kwenye miti ya migunga, ndama wakiwa nyuma kama kawaida, na mzee mwenyewe akitembea ubavuni. Nilipandisha bendera. Gari jeupe lilifika kwanza, likasimama. Mawili mengine yaliyokuwa yamezidiwa mizunguko kadhaa yalisimama nyuma yake. Mpaka hapo kifungu cha kwanza kilitimizwa bila kasoro.

Kisha dereva wa gari jeupe akapiga honi. Akapiga tena, safari hii kwa kuikalia. Wa nyuma yake akamwitikia. Ng'ombe waliokuwa katikati ya barabara wakainua vichwa, na gari jeupe likasogea, pua yake ikaingia kati ya mama na ndama. Kundi likakatika. Ndama wakarudi mbio kule walikotoka, mama zao wakageuka kuwafuata, na mzee akanyanyua fimbo na kutamka kwa Kimaasai maneno ambayo, kwa kukosa mkalimani, sikuyaandika. Nilitazama saa, nikaandika: *Gari jeupe limepiga honi na kusogea ndani ya kundi, kinyume cha kifungu cha pili.*

Kalamu ilikuwa bado karatasini gari la buluu lilipofika.

Msomaji asiye wa kwetu lazima aelezwe jambo hapa. Uwandani, mtu aliyekulia pale hasimamishi gari mbele ya uso wa ng'ombe. Hiyo huhesabiwa kuwa utovu wa adabu, na tena huwatia ng'ombe wasiwasi. Mwenyeji huacha barabara mapema, hushuka majanini, hupita polepole nyuma ya mkia wa mwisho, humpungia mkono mwenye mifugo, kisha hurudi barabarani. Ndivyo madereva wa maziwa walivyofanya, na malori ya ng'ombe wa mnada, na hata mimi kwa baiskeli. Kwa watu wa Kitengela na Kisaju, huko ndiko kupisha.

Na ndivyo shemeji alivyofanya. Alipunguza mwendo mbali kabisa, akashuka kushoto kwa gia ya kwanza, akawazunguka ndama waliotawanyika kwa nyuma hata hakuna aliyeshtuka, akatoa mkono dirishani kumsalimu mzee, naye mzee akamwitikia kwa fimbo. Kisha akapanda barabarani ng'ambo ya kivuko na kuondoka. Dereva wa gari jeupe, aliyekuwa akiongoza, alibaki amesimama kwenye bendera. Shemeji sasa alikuwa mbele.

Bendera ilikuwa bado juu. Ilikuwa mkononi mwangu.

Vumbi lilikuwa zito, na madereva waliosimama walikuwa wakigombana na ng'ombe mbele yao. Naamini hakuna aliyeona vizuri isipokuwa mimi na mzee. Ningeweza kutoandika. Wanaosema nilimuuza shemeji wanadhani kwamba sikuliona hilo; nililiona vizuri sana. Lakini kama ningeuacha mstari wa buluu, ningelazimika kuufuta mstari wa jeupe, na karani anayefuta mstari mmoja kwa sababu ya damu hana tena daftari, ana barua ya mapenzi. Niliandika: *Gari la buluu halikusimama kwenye bendera, limetoka barabarani, likapita nyuma ya kundi, likarejea.* Nikaweka saa na sahihi.

Muda ulipokwisha, gari la buluu ndilo lililotangulia, na watu wakavamia barabara. Nilikuta shemeji amebebwa mabegani, mke wangu akipiga vigelegele na nusu ya Kitengela ikimwitikia. Nilipita katikati yao na daftari kwapani nikaenda kwa waamuzi.

Tulikaa katika darasa la shule ya msingi, waamuzi watatu kwenye dawati la mwalimu, sisi wengine kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Mwenyekiti alisoma mstari wangu kuhusu gari la buluu. Dereva mwenza wa shemeji, mtu wa maneno mengi, akasimama papo hapo.

"Bwana mwenyekiti, pale kulikuwa na vumbi hata ng'ombe mwenyewe hajioni. Huyu karani aliona nini? Na magari ya buluu yalikuwa mawili!"

"Nilimwona shemeji yangu," nilisema. "Nimekula naye Krismasi kumi."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akavua kofia, akakuna kichwa. Alisema, kwa upole ambao mpaka leo unaniudhi, kwamba shahidi ni mmoja, vumbi ni jingi, na inawezekana mimi nimekosea gari. Nilikuwa nimeandika kumbukumbu za mikutano ya serikali kwa miaka zaidi ya ishirini, na hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea kiti, sembuse gari. Lakini niliona pia kwamba akili yake inaelekea kuacha matokeo yalivyo, na kwamba shemeji, aliyekaa dawati la pili, ameanza kupumua.

Hapo mlango ukafunguliwa kwa fimbo.

"Sopa!" alitusalimu mzee wa ng'ombe kwa Kimaasai.

"Ipa," tulimjibu sisi wenyeji.

Alikuwa ametembea kutoka Kisaju kuja kushtaki. Hakungoja kiti. Alisema watu wa Nairobi walimpigia ng'ombe kelele, wakagawanya kundi, na mpaka wakati ule ndama wawili walikuwa hawajaonekana. Kisha akageuka, akamwona shemeji, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Lakini huyu!" alisema akimnyooshea fimbo. "Huyu ni mtu. Huyu amelelewa. Wote wakifanya kama huyu, leteni mashindano kila wiki."

"Alifanyaje?" mwenyekiti aliuliza.

Dereva mwenza alianza kukohoa kwa nguvu. Mzee akamtazama kwa huruma, akangoja amalize.

"Alitoka barabara," alisema. "Akapita kwa nyasi. Pole pole, nyuma ya ng'ombe, mpaka huko. Alama ya magurudumu iko, twende niwaonyeshe. Vizuri sana!"

Kisha mtu wa nyuma akaangua kicheko, na hata waamuzi wakainamisha vichwa. Mzee alitutazama mmoja mmoja bila kuelewa jambo gani la kuchekesha amelisema. Mwenyekiti akamuuliza shemeji kama ni kweli.

"Niliwapisha," shemeji alisema.

"Kwa kuwazunguka?"

"Wewe huwapisha aje? Kwa honi?"

Mzunguko ule ukafutwa. Gari la buluu likashuka hadi nafasi ya pili, na jeupe likatangazwa mshindi. Nikasimama na kuomba mstari wa kwanza usomwe pia, ule wa honi na wa kusogea ndani ya kundi, kwa sababu kama mzunguko ule wa gari jeupe nao ungefutwa kwa kosa lililotokea mahali palepale na kwa bendera ileile, gari la buluu lingerudi mbele.

"Mzee," mwenyekiti alisema, "kusimama kwenye bendera nyekundu kumo katika kanuni za mashindano. Mambo ya honi na ng'ombe ni mkataba wenu na wafugaji."

"Mkataba wetu una sahihi yako."

"Nilitia sahihi tupate barabara."

Aliyatamka hayo mbele ya mzee. Mzee alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeficha kitu katika zile sentensi fupi, akatoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Niliandika mistari miwili, wakasoma mmoja. Gazeti moja likaandika kwamba dereva wa Kitengela "aliponzwa na ndugu yake", na mtaa ukachukua hapo. Nyumbani hali haikuwa nzuri zaidi.

"Hukuweza hata kuinama kidogo ufunge kamba ya kiatu?" mke wangu aliniuliza.

"Nilikuwa nimevaa viatu visivyo na kamba."

"Na ulimi pia hauna kamba," alisema, akachukua sahani yangu kabla sijamaliza.

Niliiandikia kamati barua ya kurasa nne, nikiambatanisha nakala ya mkataba. Jibu lilikuwa na mistari miwili: matokeo ni ya mwisho, na kamati inanishukuru kwa ushirikiano. Shemeji hakuniomba hata mara moja nimweleze nilichoandika. Aliendelea kuja nyumbani siku za Jumapili, akala, akamwangalia dada yake, akamsifu kwa mboga, na kwangu akawa na adabu kama ya mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Ningependelea matusi.

Mwaka uliofuata kamati ilirudi Kajiado kuomba barabara. Nilimpokea mwenyekiti kwa barua zote zilizo kwenye faili, tukaenda Kisaju. Mzee alikataa kabla hatujaketi. Mwenyekiti aliahidi bendera mbili, wasimamizi wanne, hata waya wa muda. Mzee alitikisa kichwa kwa kila ahadi.

"Mleteni yule aliyepita nyuma," alisema mwishowe. "Awafundishe wengine. Bila hivyo, ayia, basi, nendeni mkakimbizane Nairobi."

Kwa hiyo kamati ileile iliyofuta mzunguko wake ikampelekea shemeji barua ya mwaliko, na katika kanuni mpya, ambazo niliandika mimi, kifungu kikasema kwamba ng'ombe wakifika kwenye kivuko, gari litaacha barabara upande wa kushoto na kupita polepole nyuma ya mnyama wa mwisho. Yaani walichapisha kosa lake kuwa sheria. Niliuliza kwa maandishi iwapo matokeo ya mwaka uliopita yatarekebishwa ili yalingane na sheria hiyo. Niliambiwa kwamba sheria hairudi nyuma. Nasema mpaka leo kwamba iliweza kurudi, hatua moja tu, na hakuna aliyeumia.

Siku ya mafunzo, madereva wote walipanga foleni uwandani, akiwemo yule wa gari jeupe, na shemeji akawatangulia. Alitaka mtu wa kukaa kando yake amwelekeze alipo mnyama wa mwisho. Mzee akaniashiria mimi kwa fimbo. Nikaingia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza ndani ya gari lile.

Alishuka majanini taratibu. Kundi lilikuwa kulia kwetu, likivuka bila haraka. Tukaufikia mkia wa mwisho.

"Niliiona bendera," alisema akiangalia mbele.

"Najua."

"Hapana, hujui. Kila mtu anafikiri nilisahau, kwamba nilifanya kwa mazoea. Mimi niliiona tangu mbali. Nikasema, ni shemeji ameishika. Shemeji anajua vile sisi hupita hapa. Ataelewa."

Alitoa mkono dirishani kumsalimu mzee. Nyuma yetu madereva wa Nairobi nao walitoa mikono yao, mmoja baada ya mwingine, kama walivyofundishwa.

"Nilielewa," nilisema. "Ndiyo maana mistari ilikuwa miwili. Wa kwao uko juu ya wako."

Aligeuka kunitazama, na gari likayumba kidogo.

"Uliandika wao pia?"

"Kabla yako. Na niliomba usomwe darasani, wewe ukiwa hapo."

"Mimi baada ya kusikia 'umefutwa' sikusikia kitu tena siku hiyo." Akapandisha gari barabarani. "Na dada anajua?"

"Dada yako alinyang'anya sahani kabla sijafika huko."

Alicheka hata akalazimika kusimama, na foleni nzima ya magari ikasimama nyuma yetu, bila hata mmoja kupiga honi. Kisha akaniambia nimsomee, neno kwa neno. Daftari lilikuwa mfukoni. Nilimsomea mstari wa kwanza, nikamsomea wa pili, pamoja na saa na sahihi. Akaniomba nirudie ule wa kwanza.